Ndugu Mhariri, si kila tezi ni tezi dume

Ndugu Mhariri,

Kuna neno moja linalowachanganya wasomaji wa magazeti ya Kiswahili hapa Nairobi, nalo ni "tezi". Mkiandika tezi dume, mnamaanisha ile iliyo chini ya kibofu cha mwanamume. Mkiandika tezi ya shingo, mnamaanisha ile inayovimba hadi ikawa rovu. Kisha siku nyingine, katika habari ya mama aliyefariki kwa saratani ya titi, mnaandika kwamba ugonjwa "ulikuwa umefika kwenye tezi", na msomaji anabaki akijiuliza mama huyo alipata wapi tezi dume. Tezi inayozungumzwa hapo ni ya tatu, haina udugu na hizo mbili, na kwa mgonjwa wa saratani ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ni tezi ya limfu. Kwa kuwa haijulikani, watu huchelewa kupimwa, hukimbia kisu ambacho kingewafaa, na hukubali dawa zisizowahusu.

Si kwamba Kiswahili kilipungukiwa. Mtu akichomwa na mwiba unyayoni na kidonda kikatunga usaha, baada ya siku mbili tatu huhisi kivimbe kinachouma kinenani. Wazee walikiita mtoki. Hawakuwa na darubini, lakini walikwisha kujua kwamba kidonda cha mguu hupeleka habari kinenani, na cha mkono hupeleka kwapani. Mtoki ni tezi ya limfu iliyovimba kwa kazi. Njia iliyobeba uchafu wa mwiba mpaka kinenani ndiyo hiyo hiyo inayobeba seli za saratani.

Njia yenyewe huanza hivi. Moyo unaposukuma damu, maji huvuja kutoka kwenye vishipa vyembamba na kulowesha nyama za mwili. Sehemu kubwa hurudi kwenye damu, lakini takriban lita tatu kwa siku hubaki nyuma. Zisipozolewa, mwili wote ungevimba. Huzolewa na mishipa ya limfu (limfu ndilo jina la maji hayo yakishaingia humo), ambayo haianzii popote, kama mtaro unaoanzia katikati ya shamba. Ukuta wake pale mwanzoni ni safu moja tu ya seli zilizopandiana kama vigae, na kila ukingo ni kilango kinachofunguka kwa ndani. Mshipa wa damu umezibwa kwa uangalifu, ilhali huu umeachwa wazi makusudi ili umeze protini, mafuta yaliyotoka utumboni, vijidudu na mabaki ya seli. Seli ya saratani iliyobanduka haihitaji kuvunja mlango. Imeukuta uko wazi.

Uvimbe wa saratani nao haukai ukingoje bahati. Aina nyingi hutoa protini iitwayo VEGF-C, ambayo huifanya mishipa ya limfu iliyo karibu ichipuze matawi na kupanuka. Baadhi ya seli hizo huvaa kipokezi kiitwacho CCR7, ambacho seli za kinga hukitumia kunusa njia ya kwenda kwenye tezi. Ni kama mwizi aliyevaa sare ya askari.

Limfu haina moyo wa kuisukuma. Ndani ya mishipa yake mna vilango vingi vya kuizuia isirudi nyuma, kuta zenyewe hujibana kwa zamu, na misuli ya mwili pamoja na pumzi huongeza nguvu. Ndiyo sababu bawabu anayesimama kutwa langoni huvimba vifundo vya miguu, na akitembea hupata nafuu. Kutokana na hilo wapo wagonjwa walioambiwa na majirani waache kutembea na kufanya mazoezi eti wasije wakaisukuma saratani. Hofu hiyo haina msingi. Limfu hutembea hata ukiwa usingizini, na mgonjwa anayelala kutwa hapati kinga yoyote ila misuli kunyong'onyea.

Katika njia hiyo kuna vituo vya ukaguzi, ndizo hizo tezi. Mwilini ziko zipatazo 600, nyingi zikiwa kichwani na shingoni. Kwapa moja huwa na kati ya 20 na 40. Tezi nzima ina umbo la harage: limfu huingia kwa vishipa vingi upande wa mgongo uliobinuka, huchujwa, kisha hutokea kwa mshipa mmoja au miwili upande ulioingia ndani. Ikiingia, kwanza huzunguka chini kidogo ya ganda la nje, na hapo ndipo seli za saratani hunasa mwanzo. Anayechunguza tezi kwa darubini huanza kutazama ukingo huo kabla ya kusogea katikati. Nyingi ya seli hizo hufia hapo. Chache hukita mizizi.

Uzuri wa mfumo huu, ikiwa inafaa kuuita uzuri, ni kwamba una ramani. Limfu ya titi, zaidi ya robo tatu yake, huenda kwapani, na sehemu kubwa ya iliyobaki hupita kando ya mfupa wa kifua. Ya ulimi na kinywa huenda shingoni. Ya unyayo huenda kinenani, ingawa ile ya upande wa nje wa kisigino huweza kusimama kwanza nyuma ya goti. Doa jeusi linalokua unyayoni au chini ya ukucha ni aina ya saratani ya ngozi ambayo watu weusi nao hupata, na Bob Marley aliugua ya namna hiyo kwenye kidole cha mguu kabla ya kufariki mwaka 1981. Mwenye doa la aina hiyo apapaswe kinena siku hiyo hiyo. Lango la uzazi hupeleka limfu kwenye tezi za ndani ya nyonga, kisha juu kando ya mshipa mkubwa wa damu tumboni. Ndiyo maana tangu hatua za saratani hiyo ziliporekebishwa mwaka 2018, mwanamke ambaye tezi zake za nyonga zimeingiwa huhesabiwa yuko hatua ya tatu, hata kama uvimbe wenyewe bado ni mdogo.

Korodani ndiyo huwashangaza wengi. Mtu angedhani saratani yake itaonekana kinenani, jirani tu hapo. La. Mtoto akiwa tumboni, korodani huumbika karibu na figo, halafu hushuka zikivuta mishipa yake nyuma. Limfu yake basi hurudi ilikotoka, juu kabisa karibu na figo. Ngozi ya pumbu ndiyo yenye njia ya kinenani. Kwa sababu hiyo korodani inayoshukiwa kuwa na saratani hutolewa kwa kupasua kinena, wala haipasuliwi wala kudungwa sindano kupitia pumbu. Ukipasua pumbu umeifungulia saratani barabara ambayo haikuwa nayo. Nalitaja hili pia kwa ajili ya wale wanaosema "kisu huamsha saratani". Wapasuaji wanajua vizuri ni wapi kisu kinaweza kudhuru, na wamejiwekea sheria mahali hapo. Penginepo, kusambaa kwa saratani kwenye njia ya sindano ni nadra sana. Mgonjwa aliyekufa miezi miwili baada ya kupasuliwa, kwa kawaida alipasuliwa akiwa amechelewa.

Umio unahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa saratani yake ni miongoni mwa zinazowaua Wakenya wengi, hasa watu wa Bonde la Ufa. Kwenye utumbo mpana, utando wa juu kabisa wa ndani hauna njia ya maana ya limfu. Saratani ikikamatwa ingali kwenye utando huo, kuikata tu kunatosha, tezi hazijaguswa. Umio hauko hivyo. Mishipa yake ya limfu imekaribia uso wa ndani, na chini ya utando huo imejipanga kwa urefu, kwenda juu shingoni na kushuka tumboni. Hivyo saratani ambayo haijazuia hata chakula kupita inaweza kuwa imekwisha kutuma seli kwenye tezi za mbali, tena ikiruka zile za karibu. Mgonjwa wa umio akija analalamika kwamba ugali haushuki, daktari mzuri humpapasa shingo kabla ya kumwandikia kipimo cha kamera.

Tena amguse juu ya mtulinga, upande wa kushoto. Limfu ya miguu yote miwili, tumbo lote, na nusu ya kushoto ya kifua na kichwa hukusanyika katika mfereji mmoja unaopanda kando ya uti wa mgongo na kumwagika kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Upande wa kulia hupokea robo iliyobaki tu. Saratani ya tumbo, kongosho au hata ovari inaweza kujitokeza kwa mara ya kwanza kama kivimbe kigumu hapo juu ya mtulinga wa kushoto, wakati tumbo lenyewe halijauma. Rudolf Virchow wa Ujerumani alilieleza jambo hilo mwaka 1848. Hakuna tezi ya mahali hapo, kwa mtu mzima, inayostahili kungojwa "tuone itakavyokuwa".

Hapo chini ya shingo ndipo limfu na damu hukutana, kwa hiyo ule usemi wa wodini kwamba "bado iko kwenye limfu, haijaingia damuni" ni nusu ya ukweli. Kinachomwagika hapo huingia upande wa kulia wa moyo na kusukumwa moja kwa moja kwenye mapafu. Isitoshe, majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba seli zilizo ndani ya tezi huweza kupenya vishipa vya damu vya tezi hiyo hiyo na kwenda zake bila kungoja mfereji. Tena mwaka 2017 watafiti walilinganisha vinasaba vya saratani ya utumbo mpana kwa wagonjwa 17, wakakuta kwamba katika asilimia 65 hivi, uvimbe wa kwenye tezi na uvimbe wa mbali haukutoka kwenye ukoo mmoja wa seli. Maana yake, saratani iliyohamia mbali, kama kwenye ini, mara nyingi haikupitia kwenye tezi. Ilitoka kwenye uvimbe wa kwanza kwa njia yake.

Jambo hilo linamaliza ubishi wa zaidi ya miaka mia moja. William Halsted wa Baltimore, aliyetangaza upasuaji wake mwaka 1894, aliamini saratani ya titi hutembea kituo kwa kituo, akawa anaondoa titi, misuli ya kifua na tezi zote za kwapa ili aitangulie. Bernard Fisher alikuja kuonyesha, kwa majaribio yaliyoanza miaka ya 1970, kwamba kukata zaidi hakukuwaongezea wanawake maisha. Stephen Paget wa London naye alikuwa amesema tangu 1889 kwamba saratani ni mbegu, na mbegu haioti ila kwenye udongo unaoipenda. Mkulima yeyote angemwelewa. Kwa maoni yangu, tezi iitwe mjumbe. Inatuambia kama mbegu zimeanza kutawanyika, na kwa wingi gani. Ukimuua mjumbe hujashinda vita, lakini usipomsikiliza utatibu kwa kubahatisha.

Sasa mtoki ukitokea, nini hufanyika Nairobi? Wengi huanzia kwa kemisti. Hupewa viuavijasumu, uvimbe haupungui, hupewa vingine. Duru moja ya viuavijasumu si kosa, ikiwa kuna kidonda, jino bovu au koo linalouma, na ikiwa mtu ataangaliwa tena kati ya wiki mbili na nne. Duru ya pili na ya tatu ndiyo kosa. Kosa kubwa zaidi ni prednisoloni, inayotolewa "kupunguza uvimbe". Saratani ya tezi zenyewe, limfoma, hunywea upesi kwa dawa hiyo. Mgonjwa hushukuru, na kinyama, yaani kipande cha tezi cha kupimwa, kikichukuliwa baadaye hakionyeshi kitu. Ugonjwa unakuwa umejificha, haujaondoka. Asipewe mtu prednisoloni kwa ajili ya tezi isiyojulikana.

Kupapasa hakuhitaji mashine. Tumia sehemu za nyama za vidole vitatu, si ncha. Kwa kwapa, mgonjwa alegeze mkono, uubebe wewe, kisha usukume vidole juu na ndani mpaka uguse mbavu. Anayeinua mkono juu ya kichwa hukaza misuli na kuzificha tezi. Kwa shingo, simama nyuma yake. Tezi iliyo chini ya sentimita moja, laini, inayoteleza, mara nyingi ni ya kawaida. Kinenani hata ya sentimita moja na nusu si ajabu kwa mtu aliyekulia pekupeku. Ya vijidudu huuma na huja haraka. Ya limfoma hunesa kama ufutio wa shule. Ile iliyotoka kwenye saratani ya kwingineko huwa ngumu kama jiwe, haiumi, na hukwama kwenye nyama za chini. Kutouma ndiko huwadanganya watu. Tezi iliyodumu zaidi ya wiki nne bila sababu ichukuliwe kinyama, na daktari aangalie pia eneo lote linaloileta limfu hapo: kwa kwapa ni titi, mkono na mgongo wa juu, kwa shingo ni kinywa, koo, pua, masikio na ngozi ya kichwa chini ya nywele.

Kisha kuna kifua kikuu, ambacho hupenda tezi za shingo, hasa kwa walio na virusi vya Ukimwi. Tezi zake hushikamana kama kichala, hulainika, na zikipasuka hutoa usaha usiokoma. Kwa kuwa ugonjwa huu tunao kwa wingi, kuna mazoea ya kumwanzishia mtu dawa za miezi 6 kwa kumtazama tu shingo. Mazoea haya hayana udhuru tena. Sindano nyembamba ya geji 22 hadi 25 ikidungwa kwenye tezi, matone machache yanayopatikana hugawanywa: baadhi yapakwe kwenye vioo kwa ajili ya darubini, mengine yaingie kwenye mashine ya GeneXpert, inayosaka vinasaba vya kijidudu cha kifua kikuu na kutoa jibu chini ya saa mbili tangu ianze kazi. Tezi za kifua kikuu zenyewe huweza kuvimba zaidi kwa muda wakati dawa zinafanya kazi, kwa hiyo zikikua, dawa isikimbiliwe kulaumiwa wala kuongezwa. Kichukuliwe kinyama kipya. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Sindano nyembamba ikitoa seli za saratani, jibu limepatikana. Isipotoa, haijathibitisha kwamba hakuna. Huenda ilidunga kando. Limfoma inashukiwa? Tezi nzima itolewe, kwa sababu anayesoma anahitaji kuuona mpangilio wake, si seli tano zilizoelea. Ichaguliwe iliyo kubwa, na ya kinena iwe ya mwisho, maana tezi za kinena zimejaa makovu ya vidonda vya zamani.

Hapa niseme neno kuhusu chupa, hata kama litaonekana dogo. Vinyama vingi vinavyosafirishwa kwa bodaboda kutoka zahanati za mitaani hadi maabara hufika vimeharibika, na mgonjwa huambiwa "majibu hayakuonekana". Kinyama kitiwe kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake: kinyama cha mililita 5, formalini mililita 50, na ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini. Spiriti hukikausha. Maji ya bomba huzipasua seli. Formalini hupenya takriban milimita moja kwa saa, hivyo tezi ya sentimita 3 isipokatwa katikati kiini chake kitaoza kabla haijafika. Chupa iwe na mdomo mpana, kwa sababu nyama huingia laini na hutoka ngumu. Chupa ya soda huvunjwa ili kuitoa. Jina la mgonjwa, mahali na upande uliotoka viandikwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kipande cha kuoteshea vijidudu vya kifua kikuu kisiguse formalini kamwe, kiende kwenye maji ya chumvi safi ya hospitali, kwani formalini huua kila kitu. Na kinyama cha saratani ya titi kikae kwenye formalini saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72, la sivyo kipimo cha homoni kitadanganya na mwanamke atanyimwa vidonge vilivyomfaa.

Ripoti ikirudi, mgonjwa atafute namba mbili zenye mkwaju katikati. Tuseme 3/14: tezi 14 zimechunguzwa, 3 zina saratani. Kwenye titi, tezi 1 hadi 3 ni daraja la kwanza, 4 hadi 9 la pili, 10 na zaidi la tatu, na tiba hubadilika kwa kila daraja. Namba ya pili watu huisahau, nayo ina maana kubwa. Mgonjwa wa utumbo mpana aliyeandikiwa 0/4 akafurahi, amefurahi mapema. Kwa utumbo mpana zinatakiwa tezi zisizopungua 12, kwa tumbo 16. Tezi nne zinaweza kumaanisha kwamba mpasuaji alikata nyama kidogo, au kwamba aliyekuwa maabara hakuyapapasa mafuta kwa subira. Tezi nyingi zina milimita 3 tu na hufanana na mafuta yaliyozizunguka. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama mafuta yaliyobaki yanaweza kutafutwa tena. Mara nyingi yangali kwenye ndoo ya formalini.

Kila tezi hukatwa vipande vya unene wa milimita 2, kwa kuwa uvimbe unaozidi ukubwa huo ndio huhesabiwa kuwa saratani iliyohamia kamili. Ulio kati ya milimita 0.2 na 2 una jina lake na uzito mdogo zaidi. Ukubwa wa tezi kwa macho hautoshi: kubwa huweza kuwa imevimba kwa kupambana tu, na ndogo ya milimita 5 ikawa imejaa.

Kwa titi, si lazima kwapa zima litolewe ili kupata habari hizo. Tangu miaka ya 1990 hutafutwa tezi mlinzi, yaani ya kwanza kabisa kupokea limfu ya titi hilo. Hudungwa rangi ya buluu, au dawa yenye mnururisho hafifu, au vyote viwili. Mpasuaji huusaka mshipa uliogeuka buluu mpaka kwenye tezi, akaitoa. Penye upungufu wa dawa ya mnururisho, methilini buluu peke yake, ambayo ni rahisi kwa bei, hufanya kazi, ila ikitolewa tezi moja tu uwezekano wa kukosea hupanda. Zikitolewa tatu hupungua. Tezi mlinzi ikiwa safi, nyingine huachwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulienda mbele zaidi: wanawake wenye tezi mlinzi moja au mbili zilizoingiwa, waliokatwa uvimbe tu na kupigwa mionzi titi lote, hawakupoteza maisha zaidi kwa kuachiwa tezi nyingine. Lakini hao hawakuwa na tezi zinazoshikika kwa mkono. Wagonjwa wetu wengi hufika nazo zikiwa ngumu tayari, na kwao utafiti huo hauna la kusema. Anayeutumia kuwafariji anawapotosha.

Gharama ya kutoa tezi zote za kwapa inajulikana Pwani kuliko Nairobi. Kule Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu, mnyoo wa matende huziba mishipa ya limfu na mguu ukavimba kama gogo. Kwapa likiondolewa tezi zake, mkono huvimba kwa sababu ile ile: mtaro umekatwa, maji yamekosa pa kwenda. Humpata takriban mwanamke mmoja kati ya watano, ilhali kwa tezi mlinzi ni chini ya mmoja kati ya kumi. Mkono huo utunzwe kama mguu wa matende unavyotunzwa. Uoshwe kwa sabuni na ukaushwe kila siku, upakwe mafuta ngozi isipasuke, na mwenyewe avae glavu akifua au akilima. Ukiwa mwekundu na wa moto, viuavijasumu vianze siku hiyo hiyo, kwa sababu kila maambukizi huziba njia zaidi. Mazoezi ya kupandisha uzito kidogo kidogo hayadhuru. Soksi maalumu ya mkono ipimwe na mtaalamu. Inayobana juu kuliko chini hugeuka kamba. Kuchanjwa chale, kukandwa kwa nguvu au kupasuliwa "jipu" la kwapani kusitajwe, maana tezi yenye saratani ikipasuliwa kiholela hugeuka kidonda kisichofunga.

Ombi langu kwenu basi ni la kalamu tu. Andikeni "tezi za limfu" kwa ukamilifu kila mnapozitaja mara ya kwanza katika habari. Ikiwa imevimba na inashikika, "mtoki" lipo, ni neno letu, na anayelisoma atajigusa kinena kabla hajamaliza aya. Tezi dume ibaki dume, na ile ya shingoni ipewe jina la rovu ikivimba. Mkiripoti kwamba saratani ya mtu "imesambaa", semeni imefika wapi, kwa sababu iliyofika kwapani bado hutibika, na msomaji mwenye kivimbe kwapani hukata tamaa kwa neno hilo moja. Najua nafasi ya kichwa cha habari ni finyu. "Tezi za limfu" ina herufi kumi na moja tu.

Mtaalamu wa patholojia,
Nairobi